Audi A3, BMW 1 Series na Mercedes A-Class za mtumba: soma dalili kabla hujalipa

Magari madogo ya kifahari ya Kijerumani yamejaa kwenye yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mengi yakitoka Japani na machache Uingereza. Wanunuzi huuliza swali moja: yanadumu? Kwa jumla, swali hilo halijibiki. Ndani ya jina moja la A3 mna injini yenye cheni inayosumbua na injini yenye mkanda usio na tabu hiyo, na gari lililotunzwa Osaka huuzwa pembeni ya lililochoshwa na kupakwa nta. Jibu linatoka kwenye gari lililo mbele yako, na mara nyingi linajitoa dakika tano za mwanzo za asubuhi. Ndiyo maana wauzaji wengi huliwasha kabla hujafika.

Mambo mawili kwanza. Kubaliana na muuzaji kwamba gari lisiwashwe siku hiyo, kisha ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi kesho. Pili, nunua kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani ili kusoma kodi za injini, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Ni bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, nacho kitatumika karibu kila sehemu ya mwongozo huu.

Jua pia unakutana na kizazi gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari yanayoshuka sasa bandarini ni A3 ya umbo la 8V na BMW 1 Series za umbo la F20 za mwishoni au zilizofuata. Tanzania inaruhusu ya zamani zaidi kwa kutoza ushuru wa ziada, ndiyo maana A3 za umbo la 8P, lililotangulia 8V, na F20 za mwanzo zimejaa. Na kwa Tanzania usidanganywe na herufi ya namba. "Namba D" au "namba E" inakueleza gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitengenezwa lini.

DALILI: Mkwaruzo wa chuma sekunde za kwanza baada ya kuwasha

Simama mbele ya gari, boneti wazi, mtu mwingine awashe. Unachosikiliza ni mlio mkavu kama mnyororo unaoburutwa juu ya bati, sekunde 1 hadi 3, kisha kimya. Ukifumba jicho umeukosa, na gari likishapata moto hausikiki kabisa.

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

1. Kikaza cheni kimechoka au cheni imerefuka. Hii ndiyo sifa mbaya ya A3 8P yenye injini ya 1.4 TFSI (petroli yenye tabo, yaani turbo) ya familia ya EA111, na pia ya 1.8 na 2.0 TFSI za EA888 za kizazi cha pili.
2. Kizungusha kamshafti hakijifungi vizuri. Kwa A-Class ya umbo la W176 yenye injini ya M270, mlio wa kuwasha asubuhi mara nyingi unatoka hapa.
3. Oili imepungua au si ya daraja linalotakiwa. Hutokea kidogo kuliko wauzaji wanavyodai, maana kila muuzaji atakwambia "ni oili tu".

Anza na oili: pima kiwango, tazama kama kuna kibandiko cha huduma ya mwisho. Kisha chomeka kifaa chako. Kodi P0016 maana yake kompyuta imeona kamshafti na kranki haziendi pamoja. Mlio ukiambatana na kodi hiyo, biashara ya siku hiyo imekwisha. Usikubali "tulizungushe kidogo barabarani tuone". Cheni ikiruka meno, valvu hugonga pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine.

A3 ya 8V yenye 1.4 TFSI ya EA211 inatumia mkanda, si cheni. Kama umesikia mkwaruzo kwenye hiyo, tafuta kwingine: wenzo wa valvu ya tabo huwa unalegea na kulia chuma, na baadaye hukwama na kulinyima gari nguvu.

Kwa BMW, neno moja kuhusu dizeli zinazotoka Uingereza. 118d na 120d zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, zina cheni upande wa nyuma, kule kunakokutana injini na giaboksi. Kuibadilisha ni kushusha mashine nzima. Mlio wa cheni kwenye N47 isiyo na risiti ya kazi hiyo ni sababu tosha ya kuondoka bila kujadili bei.

DALILI: Gari linasita, linatetemeka au linashtuka kwenye gia za mwanzo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza ujue ni giaboksi gani. A3 yenye 1.4 kwa kawaida ina gia 7 na klachi mbili kavu, ile inayoitwa DQ200. Ni ileile iliyo kwenye Golf nyingi. Zenye 2.0 za kizazi cha 8P nyingi zina gia 6 na klachi zinazoogelea kwenye oili. A-Class ya W176 ina klachi mbili za oili, gia 7. BMW F20 ya otomatiki ina giaboksi ya ZF ya gia 8, ya mfumo wa kawaida wa otomatiki, na kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu ya kuipendelea kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Mandela Road kila siku.

Jaribio ni rahisi. Tafuta kilima kidogo, liache gari litambae polepole bila kukanyaga mafuta sana, simama, tambaa tena. Fanya hivyo mara kadhaa. Badilisha D kwenda R na kurudi gari likiwa limesimama. Kisha safari ya nusu saa, maana matatizo mengine hutokea giaboksi ikishapata moto tu.

Kwa DQ200:

1. Linatetemeka likiondoka au likitoka gia ya 1 kwenda ya 2, bila taa yoyote: klachi zimeisha, au zinahitaji kupangwa upya kwa mashine. Kupanga upya ni kazi ndogo na husaidia klachi ambazo bado ni nzima. Lakini muuzaji mjanja hupanga upya asubuhi ya siku ya kuuza, na wiki mbili baadaye mtetemo umerudi.
2. Herufi za gia zinamulika kwenye dashibodi, au gari limepoteza kundi zima la gia: mekatroniki, yaani kile kichwa cha umeme na haidroliki kinachoendesha klachi. Klachi moja inashika gia 1, 3, 5 na 7. Ya pili inashika 2, 4, 6 na rivasi. Gari lisiloweza kurudi nyuma na linaloruka gia ya 2 limekuonyesha upande ulioharibika.
3. Kodi P17BF: shinikizo la mafuta ya haidroliki limepotea. Mara nyingi chupa ya kutunzia shinikizo imepasuka nyufa kwenye nyumba yake ya aluminiamu.
4. Flaiwili imelegea: hugongagonga gari likiwa limesimama, hupungua ukiweka gia. Ni nadra kuliko hayo mengine.

Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari takriban milioni 1.6 duniani yarudi karakana ili kubadilisha oili ya sintetiki ya giaboksi hii na kuweka ya madini, kwa sababu ya hitilafu za umeme ndani ya mekatroniki, hasa kwenye nchi zenye joto na unyevu. Kama A3 yako ni ya miaka ya kabla ya hapo, uliza kazi hiyo ilifanyika au la. Pwani yetu ina joto na unyevu vyote viwili.

Kwa giaboksi ya klachi za oili ya gia 6, oili hubadilishwa kila kilometa 60,000. Isiyo na rekodi hiyo usihesabu kuwa imehudumiwa. Kwa A-Class, kusita kati ya D na R au kukataa gia kabisa mara nyingi hutokana na sensa zilizo ndani ya kitengo cha kudhibiti. Kitengo hicho kikiwa cha mtumba hakiwekwi tu na kuondoka, lazima kiandikwe upya kwa ajili ya gari hilo. Kwa ZF, mtengenezaji anapendekeza oili kati ya kilometa 80,000 na 120,000, ingawa utaambiwa "ni ya maisha yote".

Simama hapa: usikubali fundi wa kawaida afungue DQ200 wala mekatroniki chini ya mwembe. Kazi hii ina mpangilio wake wa kupunguza shinikizo, vifaa maalumu vya klachi na upangaji wa mashine baada ya kufunga. Kosa la fundi asiyeizoea huishia kwenye bei ya giaboksi nzima.

DALILI: Taa ya injini inawaka, injini inamisi au haina nguvu

Taa ikiwaka bila kumulika, una muda wa kuchunguza. Ikimulika, injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya ekzosi (katalisti, kichujio cha moshi). Zima.

Soma kodi. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Anza na koili: hamisha koili ya silinda inayolalamika uiweke kwenye nyingine, futa kodi, endesha. Kosa likihama na koili, umelipata kwa gharama ndogo. Lisipohama, tazama plagi. Plagi za magari haya hazivumilii bandia, na mitaani bandia ni nyingi kuliko halisi.

Baada ya hapo yanakuja makubwa. Injini hizi karibu zote zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha. Kaboni hujijenga pale, na gari linatikisika likiwa limesimama asubuhi, kisha linatulia. Kusafisha ni kazi ya kufungua manifodi na kupuliza maganda ya jozi au kukwangua kwa mkono. Dawa za kumimina kwenye tenki haziifikii kaboni hiyo, haidhuru chupa inasema nini.

P0299 ni tabo isiyotoa shinikizo la kutosha. Kabla ya kulaumu tabo, kagua paipu za intekula (kipoza hewa ya tabo) zilizochomoka na mipira iliyopasuka.

Na fungua kifuniko cha tenki. Ndani kumeandikwa kiwango cha petroli kinachotakiwa, kwa kawaida 95 au zaidi. Gari lililolishwa petroli ya chini kwa miaka hugonga kwenye mlima.

Upande wa mafuta wa injini hizi hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufika baa 200. Mtu asilegeze paipu ya pampu ya juu kwa spana ili "kutoa hewa" kama afanyavyo kwenye dizeli za zamani. Petroli ya shinikizo hilo hupenya ngozi.

DALILI: Linachemsha, au maji yanapungua bila kuona tone

Tazama rangi kwenye chupa ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, injini ikiwa baridi. Kwa Audi unatarajia pinki au zambarau. Ukiona maji meupe ya bomba au rangi ya kutu, hadithi imeshaanza: gari lilivuja, likaongezwa maji, likaendelea kuvuja. Pengine fundi pia aliitoa thermostati ili "lisichemshe". Kwenye Corolla ya 1998 hilo lilipita. Kwenye injini hizi kompyuta inategemea joto sahihi, hivyo bila thermostati injini inakula petroli, oili inachafuka, na taa inawaka.

Sababu kwa mfuatano: nyumba ya pampu ya maji na thermostati ya plastiki kuvuja (tabia ya EA888 na EA211, na hata ya N13 ya BMW 116i), mifereji na viungo vya plastiki vilivyokauka, feni, redieta, mwisho kabisa gaskiti ya hedi.

Ukaguzi wa mwanzo hauhitaji chochote zaidi ya tochi. Angaza sehemu pampu inapokutana na bloku, tafuta chumvi nyeupe au ya pinki iliyokauka. Kuvuja kwa magari haya hukauka kwa joto kabla tone halijafika chini, ndiyo maana sakafu ya yadi iko safi.

Ukishuku gaskiti ya hedi, fundi mwenye kile kipimo cha maji ya buluu atakiweka juu ya chupa. Yakigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye kulanti. Kipimo hicho kina bei ndogo kuliko mabishano ya mafundi watatu.

Usifungue kifuniko cha chupa gari likiwa la moto, hata kwa kitambaa. Na gari lililochemsha mpaka likazima lenyewe usilinunue kwa ahadi ya "tumeshabadilisha gaskiti". Hedi ya aluminiamu hupinda, na bila karatasi ya karakana iliyoipima unyoofu huna uthibitisho wowote.

DALILI: Oili inapungua

Moshi wa bluu ukikanyaga baada ya kuteremka mlima mrefu, au kijiti kikavu. Angalia kwanza uvujaji wa nje: gaskiti ya kifuniko cha valvu na nyumba ya chujio la oili. Kwa A-Class ya M270, chomoa soketi ya umeme kwenye sumaku za kamshafti juu ya injini. Ukikuta oili ndani ya soketi, inaweza kuwa inapanda ndani ya waya kuelekea kwenye kompyuta. Sumaku ni bei ndogo. Waya na kompyuta siyo.

Uvujaji usipoonekana, kwa Audi 1.8 na 2.0 TFSI za takriban 2008 hadi 2011 pete za oili za pistoni ndizo za kushukiwa kwanza. Kitabu cha gari kinakubali mpaka nusu lita kwa kilometa 1,000, na wauzaji wanakipenda sana kifungu hicho. Mimi sikipendi. Gari linalofika nusu lita litafika lita nzima.

DALILI: Taa nyingi zinawaka pamoja, vioo na redio vinafanya vituko

Kabla ya kuita mtaalamu wa umeme, pima betri. Volti 12.4 hadi 12.7 gari likiwa limezimwa usiku kucha ni nzuri. Chini ya 12 imekufa. Magari yenye mfumo wa kujizima kwenye taa za barabarani yanahitaji betri imara zaidi, zile za AGM au EFB, na mtaani huwekewa ya kawaida kwa sababu ya bei. Kwa BMW, betri mpya inapaswa kuandikishwa kwenye kompyuta, la sivyo inachajiwa kama ile ya zamani na kufa mapema. Betri ikiwa nzima, inua zulia la miguu ya abiria na uguse: unyevu maana yake mifereji ya paa la kioo au ya chini ya wipa imeziba, na moduli za umeme zinaogelea.

(Redio kukataa stesheni si ugonjwa. Redio za Japani hupokea FM kuanzia 76, na hazifiki kwenye stesheni zetu za juu.)

DALILI: Inagonga chini kwenye matuta

Stebilaiza linki, kisha bushi za mikono ya mbele, kisha shokapu, kisha bearingi za tairi. Tairi nyembamba za inchi 17 au 18 na barabara zetu hazikupatana. BMW nyingi hazina tairi la akiba kwa sababu zilikuja na tairi za kutembea bila upepo. Kagua kama zimebadilishwa na za kawaida bila kuwekewa akiba. Haya yote hutengenezeka, na ni ya kupunguza bei tu.

DALILI: Hakuna dalili yoyote, kila kitu ni safi mno

Rudi kwenye kifaa chako. Tafuta "umbali tangu kodi zifutwe". Ukikuta kilometa 12, muuzaji amefuta kodi jana. Angalia pia vipimo vya utayari: baada ya kufuta, kompyuta inahitaji safari kadhaa kabla ya kusema mifumo yake imejipima. Nyingi zikisema bado, hukupewa gari lisilo na makosa, umepewa lisilokumbuka.

Kilometa nazo zihojiwe. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na vyeti vinaandika kilometa; dai pia karatasi ya mnada, na ukiona daraja R au RA, liligongwa na kutengenezwa. Kwa gari la Uingereza, historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari wa kule, hupatikana bure mtandaoni ukiwa na namba ya usajili ya kule. Ufunguo wa BMW unatunza kilometa ndani yake. Na tazama tarehe ya tairi, tarakimu 4 za wiki na mwaka: gari la 2016 lenye kilometa 38,000 ambalo tayari liko kwenye tairi za 2022 linapaswa kuelezwa vizuri.

DALILI: Taa ya airbagi haizimi, au haiwaki kabisa

Ukigeuza ufunguo lazima iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa, na mara nyingi ni gari lililogongwa.

Kuna jambo jingine ambalo taa haitakuambia. Baadhi ya A3 za 8P na BMW 1 Series za kizazi cha kwanza zimo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa karakana kwa ajili ya viputo (vifaa vinavyoijaza airbagi gesi) vya kampuni ya Takata. Kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, na kiputo kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Andika namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, iliyo chini ya kioo cha mbele, mpe wakala wa chapa hiyo aitafute kabla hujalipa. Ikionekana kazi haijafanyika, muuzaji aipeleke yeye, na wewe ukapokee gari likiwa na karatasi. Airbagi haiguswi na fundi wa mtaani kwa sababu yoyote, hata ya kuchomoa tu soketi ili taa izime.